Ua la mwaka huu, kiazi cha mwakani: okidi za Kitulo

Mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea, okidi ya jenasi Satyrium iliyochanua kwenye nyasi za Kitulo, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, huwa na viazi viwili chini ya shina lake. Kimoja ni cha kahawia, kimenywea, ukikibonyeza kinatoa maji: hicho ndicho kilichopandisha ua unaloliona. Cha pili ni kigumu, cheupe, kimekaa pembeni kwenye kikonyo kifupi: hicho ni cha mwakani. Anayetaka kuuelewa mmea huu, kuupiga picha, kuulinda, kuuotesha, hata anayetaka kuula, aanze na viazi hivyo viwili. Karibu kila kosa linalofanywa juu ya okidi za nyanda za juu hutokana na kuliangalia ua na kusahau kwamba chini yake deni la mwaka jana linalipwa na akiba ya mwaka ujao inawekwa, vyote kwa wakati mmoja.

Okidi zinazouzwa kwenye vyungu mijini nyingi ni za jamii inayoota juu ya miti, mizizi ikiwa hewani. Ninazozizungumzia hapa ni za ardhini. Kila kiangazi hukauka zote juu ya udongo, na kila mvua hurudi kutoka kwenye kiazi. Ukifika Kitulo mwezi wa nane utaona majani makavu na ukungu, basi. Wageni wengine huondoka wakiamini wamedanganywa.

Mahali penyewe

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo iko Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, katika mikoa ya Njombe na Mbeya, kwenye uwanda uliozungukwa na milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone. Ina kilomita za mraba 412.9. Sehemu kubwa ya uwanda iko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Mtorwi kinafika mita 2,961. Waingereza waliuita uwanda wa Elton, kwa jina la mtu wao aliyepita huko karne ya 19. Wenyeji husema Bustani ya Mungu, na jina hilo ndilo lililoshika. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kutengwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Imehesabiwa kuwa na aina 350 hivi za mimea, na 45 kati ya hizo ni okidi za ardhini.

Udongo ni wa volkano. Mvua huanza mwezi wa 11 na kuendelea hadi wa nne au wa tano, kisha huja kipupwe kikali, na kati ya mwezi wa sita na wa nane sakitu huweza kulala kwenye mabonde usiku kucha. Hapo ndipo kiazi kinapopata maana yake. Mmea wenye majani laini hauwezi kustahimili miezi mitano ya baridi na ukavu juu ya ardhi, lakini chini ya udongo, sentimita 5 hadi 15, joto halibadiliki sana na unyevu kidogo hubaki.

Maji hayagawanyiki sawa kwenye uwanda. Mvua hiyo hiyo ikinyesha, mteremko hukauka baada ya saa chache, ukingo wa bonde hubaki na unyevu kwa siku kadhaa, na katikati ya bonde maji husimama kwa wiki nyingi. Okidi hupangana kufuata ngazi hizo. Satyrium neglectum, ya waridi, hupenda nyasi za mteremko usiotuamisha maji. Satyrium crassicaule hukaa karibu na vijito na kwenye tope lenyewe. Satyrium buchananii, nyeupe na yenye harufu nzuri, nayo ni ya sehemu oevu. Hatua ishirini za kushuka kuelekea bondeni zinaweza kukuonyesha aina nyingine kabisa. Kwa hiyo anayetafuta okidi asitembee sambamba na kijito. Atembee kukikata, kutoka mgongo wa kilima hadi majini na kupanda upande wa pili. Kwa saa moja ataona aina nyingi kuliko aliyefuata ukingo asubuhi nzima.

Mwaka wa okidi

Mvua za kwanza zikishika, kiazi hutoa chipukizi moja tu. Si mbili, si tatu. Chipukizi hilo likikatwa au kuunguzwa, kiazi hakina akiba ya kutosha kuanza upya kwa nguvu ile ile, na mara nyingi mmea hukosa ua msimu huo. Mizizi yake ni mifupi, minene, haikai mbali na shina, na ndani yake huishi kuvu wanaousaidia mmea kupata chakula. Nitarudi kwenye kuvu hao, maana ndio wanaowashinda wakulima.

Mwezi wa 12 majani hufunguka. Aina nyingine za Satyrium huwa na majani mawili matatu yaliyolala chini, nyingine huyapanga kwenye shina. Kipindi hiki mmea unakula kiazi cha zamani huku majani yakianza kazi. Kiazi kipya huanza kuvimba mapema, kabla hata ya ua kufunguka, na huendelea kujaa mpaka majani yatakapokuwa ya njano. Hii ndiyo sababu kuchuma ua pamoja na shina lenye majani ni kosa kubwa kuliko linavyoonekana. Ukikata sehemu ya maua tu, juu ya jani la mwisho, umepoteza mbegu za mwaka mmoja. Ukikata chini, usawa wa ardhi, umekinyima chakula kiazi cha mwakani, nacho kitabaki kidogo. Kiazi kidogo hutoa majani bila ua, au hakitoi chochote.

Maua hukolea kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu, ingawa kuanzia wa 12 hadi wa nne hukosi kitu. Shina moja huchanua kutoka chini kwenda juu, hivyo utakuta vitumba vya mbegu chini, maua katikati na machipukizi ya maua juu kwa wakati mmoja. Vitumba hukomaa haraka, wiki chache tu baada ya uchavushaji, hugeuka kahawia na kupasuka kwa mistari ya wima. Mbegu ni vumbi: kila moja haifiki milimita moja, na kitumba kimoja hubeba maelfu.

Kuanzia mwezi wa tano shina hukauka, kiazi cha zamani huoza na kuisha, na kipya hubaki peke yake. Mara moja moja mmea wenye nguvu hutengeneza viazi vipya viwili, ndipo unapoona mashina mawili yamesimama bega kwa bega mwaka unaofuata. Lakini kwa kawaida ni kimoja kinakufa, kimoja kinazaliwa. Mmea haujiongezi, unajirithi.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wanaohesabu: kiazi kinaweza kukaa msimu mzima bila kuchipua na kuibuka mwaka unaofuata. Usiseme mmea umekufa kwa sababu haukuonekana mwaka mmoja.

Hesabu mikia kwanza

Watu huanza na rangi, na rangi hudanganya. Aina moja inaweza kuwa ya waridi iliyokolea kilima hiki na karibu nyeupe kilima kile. Anza na mikia, yaani mirija midogo iliyofungwa mwisho ambamo maua mengi huweka mbochi.

Satyrium ina mikia miwili, inayotoka nyuma ya kofia na kuning'inia. Kofia yenyewe iko juu ya ua na mlango wake unakutazama. Kwenye okidi nyingi petali ya pekee iitwayo mdomo huwa chini kama ngazi ya mdudu. Kwa Satyrium mdomo ndio uliopanda juu ukawa kofia. Disa, jenasi nyingine ya okidi, nayo ina kofia, lakini hiyo imetengenezwa na sepali ya juu (jani la nje la ua), na mkia ni mmoja tu, unaotoka mgongoni mwa kofia au karibu na ncha yake. Habenaria mara nyingi ni ya kijani na nyeupe, petali na mdomo vimechanika kama nyuzi, na mkia wake mmoja unatoka chini ya mdomo. Kwa baadhi ni mrefu kuliko ua lote. Mkia mrefu na ua jeupe lenye harufu jioni ni dalili kwamba mgeni wake ni nondo mwenye ulimi mrefu. Ukiwa na muda, kaa hapo jua likizama.

Ukikuta majani yako kando na shina la ua limeibuka peke yake pembeni, fikiria Eulophia. Hiyo haina viazi viwili vya kupokezana bali shina nene la chini lililojigawa vipande. Kuna aina za Satyrium zenye mikia mifupi sana, zinahitaji lenzi. Lenzi ya mkono ya kukuza mara 10 inatosha kwa kazi hii yote.

Wasio okidi nao wamo. Kniphofia yenye mkungu wa rangi ya moto, ambayo ndege aina ya chozi huigombania, hutajwa mara kwa mara kama okidi. Gladiolus vilevile. Kipimo ni rahisi: chungulia ndani ya ua utafute stameni, yaani vijiti vinavyobeba chavua. Kniphofia ina stameni sita, Gladiolus tatu, zimesimama huru na unga wa chavua unabaki kidoleni. Okidi haina stameni huru hata moja. Chavua yake imefungwa kwenye mabonge mawili yenye gundi chini, yamebandikwa kwenye nguzo katikati ya ua. Chomeka ncha ya ubua mkavu taratibu, na ikiwa ua halijatembelewa, bonge la njano litatoka limeng'ang'ania ubua huo. Ndivyo linavyong'ang'ania uso wa nyuki au nondo. Ukishaliona, lipeleke kwenye ua la mmea mwingine wa aina ile ile, ulibandike sehemu ya kunata kwenye nguzo, usilitupe.

Kwa picha za kutambulisha aina, ua la mbele peke yake halitoshi, na hapa ndipo picha nyingi za mitandaoni zinapokosa thamani. Piga mmea mzima na nyasi zinazouzunguka, piga majani ya chini, ua kwa mbele, ua kwa ubavu mkia ukionekana wote, kisha kitumba cha mbegu kama kipo. Weka rula yenye milimita kwenye picha ya ubavu. Andika mwinuko, na kama udongo unachuruzika maji, una unyevu tu, au mkavu. Kuchimba ili kutambua hakuhitajiki kabisa. Wataalamu wanaofanya kazi na picha nzuri ya mkia na majani hawakihitaji kiazi.

Chikanda

Anayekihitaji kiazi yuko kwingine. Kaskazini mwa Zambia, hasa kwa Wabemba, viazi vya okidi hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Huitwa pia kinaka. Zamani kilikuwa chakula cha vijijini na cha msimu. Leo kinauzwa vipande vipande sokoni na barabarani katika miji ya Zambia, na mahitaji yake yameshinda mbuga za huko. Biashara ikavuka mpaka.

Mapishi yanaeleza kwa nini hakuna kibadala cha haraka. Viazi huoshwa, hukaushwa juani na kutwangwa kuwa unga. Karanga nazo hutwangwa, na kwa kawaida unga wa karanga huwa mwingi kuliko wa okidi. Maji huchemshwa na chumvi, pilipili na magadi au soda, kisha unga hutiwa huku ukikorogwa mpaka mchanganyiko ushikane na kuvutika. Sufuria hufunikwa na makaa huwekwa juu ya kifuniko ili upande wa juu nao uive. Kikipoa hukatwa vipande kama soseji kubwa. Kinachokishikanisha ni glukomanani iliyomo ndani ya viazi, wanga unaovimba na kuwa ute mzito ukikutana na maji. Unga wa muhogo au wa mahindi hauna ute wa namna hiyo, kwa hiyo anayeujaribu hupata ugali wa karanga. Waturuki nao huchimba okidi za kwao kwa ajili ya saleb, unga wa viazi vya okidi, kwa sababu hiyo hiyo. Chikanda hutokana hasa na Disa, Satyrium na Habenaria.

Mwaka 2003, Tim Davenport na Henry Ndangalasi walichapisha katika jarida la Oryx utafiti wao kuhusu biashara hii katika Nyanda za Juu Kusini. Makadirio yao: viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vinavuka kwenda Zambia kila mwaka, na aina zinazoweza kuguswa zilifika hata 85. Kilio hicho kilikuwa miongoni mwa sababu zilizoharakisha kulindwa kwa Kitulo.

Sasa rudi kwenye viazi viwili. Mchimbaji huuona mmea kwa shina na ua. Anachimba, anakuta kilichonywea na kilicho kigumu, anachukua kigumu. Amechukua cha mwakani. Wapo wanaorudishia kile laini udongoni wakidhani wameacha mbegu. Haisaidii, kile kimeshatumika na kitaoza baada ya wiki kadhaa chenyewe. Kingekuwa kiazi cha muhogo au viazi vitamu, kipande cha shina kingetosha kuanza upya. Okidi haina macho ya kuchipua kwenye shina wala kwenye kiazi kilichochoka.

Hasara ya pili haionekani shambani. Mimea yenye ua ni ile iliyokomaa, iliyochukua miaka kadhaa kufika hapo. Ukiondoa mimea 30 yenye ua kwenye eneo lenye 100, hukuondoa asilimia 30 ya uzazi; umeondoa karibu uzazi wote wa eneo hilo kwa msimu, ikiwa 70 iliyobaki ni midogo yenye majani tu. Na kwa kuwa umechimba kabla ya vitumba kupasuka, hakuna mbegu iliyodondoka.

Je, kuna namna ya kuchimba isiyoua? Kwenye ardhi ya kijiji, nje ya hifadhi na kwa ruhusa, iko namna yenye madhara machache, nayo ni ngumu: kuitia alama mimea kwa vijiti wakati wa maua, kungoja hadi vitumba vipasuke, ndipo kuchimba mwezi wa tano, mmea mmoja kati ya mingi, na eneo lile lipumzike miaka kadhaa. Kiazi wakati huo ndio kimejaa kabisa, kwa hiyo hata mchimbaji anapata uzito zaidi kwa jasho lile lile. Kinachoiangusha namna hii ni kwamba vijiti vyako ni ramani ya mwenzako. Kama kijiji kizima hakijakubaliana, anayengoja hukuta mashimo. Ndani ya hifadhi kuchimba ni kosa la jinai, na okidi zote ziko kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kuvusha viazi mpakani bila kibali ni kosa jingine.

Kwa nini hazilimwi

Swali hili huulizwa kila mara: kama zina soko, si zilimwe? Jibu liko kwenye mbegu. Punje ya mahindi ina chakula cha kumtosha mche mpaka apate jani. Mbegu ya okidi haina chakula chochote. Ni ganda na kiini. Ikidondoka lazima ikutane na kuvu wa aina inayoielewa, kuvu aingie ndani, na kiini kianze kumla kuvu huyo. Huishi hivyo chini ya udongo, bila jani, kama kijidonge cheupe, kwa mwaka au zaidi. Tangu mbegu hadi ua la kwanza hesabu miaka mitatu, minne au zaidi. Katika maelfu ya mbegu za kitumba kimoja, zinazofika huko ni chache mno.

Kuhamisha mmea mzima kwenda bustanini hushindikana kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka wa kwanza mmea huchanua, na mwenye bustani hufurahi. Unatumia kiazi ulichokuja nacho. Mwaka wa pili hutoa majani madogo. Wa tatu haupo. Udongo wa bustani una samadi na mbolea, maji ya mwaka mzima, na kuvu wasio wake. Kumwagilia kiangazi ndiko kunakoua haraka zaidi, maana kiazi kilicholala kwenye udongo wa maji na joto huoza.

Maabara inaweza, kwa subira. Vitumba huchumwa vikiwa vimeanza kuwa vya njano lakini havijapasuka, vinawekwa kwenye bahasha ya karatasi (plastiki huleta ukungu siku mbili tu) na kukaushwa juu ya jeli ya silika. Zikishakauka, mbegu hukaa kwenye jokofu, nyuzi 4 hivi. Siku ya kusia, mbegu huoshwa kwenye maji ya klorini hafifu, takriban asilimia 0.5, yenye tone la sabuni ya maji, kwa dakika 5 hadi 10, kisha husuuzwa mara tatu kwa maji yaliyochemshwa na kusafishwa na vijidudu. Sabuni si mapambo: bila hiyo mbegu huelea, klorini haizigusi, na baada ya wiki sahani zote za kuoteshea ni ukungu wa kijani. Dakika zikizidi, kiini hufa na mbegu hubaki nyeupe tupu.

Chakula cha kuoteshea pamoja na kuvu ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani: unga wa shayiri ya uji (oti) gramu 2.5 hadi 4 na agari, kigandishi chake, gramu 8 hadi 10 kwa lita moja ya maji, asidi ikirekebishwa kufika pH 5.5 hivi, kisha nyuzi 121 kwa dakika 15 hadi 20. Sufuria ya presha hufanya kazi hiyo. Usiongeze sukari ili kuupa nguvu. Kuvu atashiba, atakua haraka na kuzimeza mbegu badala ya kuzilisha. Kuvu mwenyewe hutolewa kwenye mizizi ya mmea mkubwa wa aina ile ile, kipande kidogo kilichooshwa na kupasuliwa, ukichukua nyuzi zinazotoka katikati na siyo zinazotoka kwenye ganda. Sahani hukaa gizani, kwenye joto la nyuzi 20 hivi. Ukiona mbegu zimevimba na kutoa vinywele, umepata kuvu anayefaa. Zikibaki kama zilivyo baada ya miezi mitatu, jaribu kuvu wa mzizi mwingine.

Panapovunjika mara nyingi ni baada ya hapo, katika kuutoa mche sahani na kuupeleka udongoni. Ungoje mpaka uwe na kiazi chake kidogo, na uupande kiazi hicho kikiwa kimelala, wiki mbili tatu kabla ya mvua, kwenye udongo uliotoka sehemu zinapoota okidi. Mche wenye majani mabichi ukipandwa katikati ya mvua huliwa na konokono au huoza shingoni.

Moto, ng'ombe na viazi mviringo

Si kila kinachotisha kinaua. Moto wa mwezi wa saba hupita juu wakati kiazi kimelala. Joto haliendi chini zaidi ya sentimita chache, na majani makuukuu yakiondoka mwanga hufika chini mvua zikianza. Moto ule ule mwezi wa 11, chipukizi likiwa limeshatoka, unafuta msimu. Anayechoma kwa ajili ya malisho mapya mara nyingi huchelewesha hadi mvua za kwanza zimchungulie, na hapo ndipo madhara yalipo.

Ng'ombe wachache hula majani marefu ambayo yangezifunika okidi. Wakiwa wengi, bondeni, wakati udongo ni tope, kwato husukuma na kuvunja viazi. Jembe halina kiasi: shamba la viazi mviringo likilimwa mara moja, kuvu na viazi vya okidi vimegeuzwa juu, na mbolea ya chumvichumvi inamaliza kilichobaki. Hata likiachwa miaka kumi, nyasi hurudi kwanza, okidi mwisho, kama zinarudi. Misonobari huzikosesha mwanga na kukausha mabonde. Mfereji wa kina cha nusu mita uliochimbwa kando ya bonde ili kupata bustani ya mboga hubadilisha ngazi za unyevu nilizozieleza juu; aina za tope hutoweka kwanza, na kwa kuwa majani yanabaki kijani hakuna anayeona kilichopotea.

Ukienda

Njia ya kawaida ni kuacha barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya pale Chimala, kupanda barabara iitwayo Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake, hadi Matamba iliko ofisi ya hifadhi. Wakati wa maua ndio wakati wa utelezi, kwa hiyo gari liwe la magurudumu manne yanayovuta na dereva awe ameshaendesha kwenye tope. Vaa gambuti na chukua koti la mvua hata asubuhi ikiwa na jua. Maua piga picha kabla ya saa sita mchana. Baadaye ukungu hushuka na upepo hutikisa mashina.

Kuona tu kunatosha, lakini kama kikundi chenu kinarudi kila mwaka, hesabuni, baada ya kukubaliana na ofisi ya hifadhi. Vuteni kamba ya mita 50 kutoka mgongo wa kilima kushuka bondeni, hesabuni mita moja kila upande. Andikeni aina, mimea yenye ua, mimea yenye majani tu, mashimo ya kuchimbwa, na hali ya maji kila mita 10. Atakayehesabu apite mstari wa kamba, mwandishi amfuate nyuma akikanyaga alipokanyaga. Watu wanne wakitawanyika hukanyaga majani machanga mengi kuliko wanayoyaona. Mwanzo na mwisho wa kamba vichukuliwe kwa simu, pamoja na picha ya jiwe au kichuguu kilicho karibu, maana GPS ya simu hukosea mita kadhaa na mstari wenu una upana wa mita mbili. Rudini wiki ile ile ya mwaka unaofuata. Namba itakayosema zaidi ni ile ya mimea yenye majani tu: ikipungua wakati maua bado ni mengi, hakuna kinachokua nyuma yake. Fanyeni hivyo misimu mitatu kabla ya kumwambia yeyote kwamba okidi zimeongezeka au zimepungua.